Jenga Ukuta Juu ya Dari

Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:8, Kutoka 21:28-29, Ruthu 2:8-9

Kama uko na Biblia yako, fungua Kumbukumbu la Torati sura ya 22, mstari wa 8. Ni mstari mmoja tu, na wengi wetu huupita mbio tukielekea mahali pengine. Kwa maneno yangu unasema hivi: mtu akijenga nyumba mpya, ajenge pia ukuta mdogo kuzunguka dari, ili mtu asije akaanguka kutoka pale na hatia ya damu ikabaki juu ya nyumba hiyo.

Ili uelewe, wacha kwanza mabati yako. Sisi mabati yetu yana mteremko, mtu hupanda huko siku ya kuziba tundu na kushuka haraka. Dari ya Israeli ilikuwa tambarare. Watu waliishi huko juu. Rahabu alikuwa ameanika mabua ya kitani darini, na ndipo alipowaficha wale wapelelezi, Yoshua 2. Petro alipanda darini saa sita za mchana kuomba, Matendo 10. Kwa hiyo dari ilikuwa mahali pa kulala, pa kuomba, na pa kufanyia kazi. Mjakazi alipanda huko kwa sababu ametumwa, si kwa sababu anapenda kutembea juu.

Sasa nisikilize vizuri. Mungu angeweza kusema na yule anayetembea darini. Angemwambia, wewe, angalia miguu yako, ukianguka ni shauri yako. Hakusema hivyo. Alisema na mwenye nyumba. Na alisema naye mapema, siku ya kujenga, kabla hata mtu mmoja hajaanguka. Mwambie jirani yako: ukuta hujengwa kabla ya mazishi.

Leo nataka tuutumie mstari huu kwa jambo moja ambalo sisi Wapentekoste tunadhani tulilimaliza zamani. Sigara. Tumehubiri sigara, si ndiyo? Tumefungua 1 Wakorintho 6, tumesema mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, tumewaombea watu, wengine wametupa pakiti hapa madhabahuni. Hiyo ni sawa na tutaendelea. Lakini hayo yote tumesema na anayevuta. Kuna mtu mwingine tumemsahau. Yeye havuti. Hajawahi kushika sigara. Lakini anafanya kazi masaa kumi kwa chumba ambacho wengine wanavuta, na kila pumzi anayovuta ni ya moshi wao. Huyo naye ana hekalu. Nani anamlinda?

Wacha niwaambie habari ya mama mmoja wa Kanada, aliyeitwa Heather Crowe. Alikuwa weita katika mji wa Ottawa. Alifanya hiyo kazi zaidi ya miaka 40, akibeba sahani na vikombe ili amlee binti yake. Hakuwa mvutaji. Mwaka 2002 aligundua kwamba ana saratani ya mapafu. Madaktari wakamweleza kwamba imetokana na moshi wa sigara. Yeye havuti, nyumbani kwake hakuna moshi, basi umetoka wapi? Umetoka kazini. Umetoka kwa meza alizopanguza.

Mama huyo angeweza kukaa kitandani alie. Badala yake alifanya mambo mawili. Kwanza alikwenda kwa bodi inayolipa fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini katika jimbo la Ontario, na bodi ikakubali kwamba ugonjwa wake ni wa kazini, sawasawa na fundi aliyekatwa mkono na mashini. Pili, akakubali serikali imtoe kwenye televisheni, na akaanza kuzunguka nchi yake, mji kwa mji, akiongea na watunga sheria, na mwili ukiwa unachoka. Alitaka yeye awe wa mwisho kufa hivyo. Alifariki tarehe 22 Mei 2006. Sheria ya Ontario ya kuondoa moshi katika mahali pa kazi ikaanza kutumika tarehe 31 Mei 2006. Hesabu siku hizo mwenyewe. Siku tisa.

Mimi nikisoma habari hiyo ninamkumbuka Musa juu ya mlima, akiiona nchi kwa mbali.

Sasa kuna ndugu anasema moyoni, pasta, moshi kidogo tu wa kupita? Hata mimi sikai na wavutaji muda mrefu. Wapendwa, moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na karibu 70 kati yake zinajulikana kuleta saratani. Kuna benzini, ambayo imo ndani ya petroli. Kuna aseniki, ambayo watu walikuwa wakiuwekea panya. Kuna kaboni monoksaidi, ile gesi ya jiko la makaa. Hiyo tunaijua, maana tumezika watu waliolala na jiko ndani ya nyumba na dirisha limefungwa. Hakuna mama hapa anaweza kuacha mtoto alale na jiko likiwaka. Lakini tunamwacha kijana wa mtu afanye kazi usiku mzima ndani ya moshi wa sigara, na tunasema amezoea.

Fungua Kutoka 21, mstari wa 28 na 29. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, ng'ombe anauawa kwa mawe, na mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini kama huyo ng'ombe ni mkali tangu zamani, na mwenyewe ameshaonywa, na hakumfunga, basi mambo yanabadilika, na mwenyewe anaingia hatiani. Tofauti iko wapi? Pembe ni zile zile. Aliyekufa amekufa vile vile. Tofauti ni kuonywa.

Na dunia imeonywa. Mwaka 1981 daktari wa Japani, Takeshi Hirayama, alichapisha utafiti wa wanawake zaidi ya 91,000 walioolewa, ambao wao wenyewe hawakuvuta. Walifuatiliwa kwa miaka 14. Wale waliokuwa na waume wavutaji sana walikufa kwa saratani ya mapafu kuliko wale ambao waume zao hawakuvuta. Kampuni za tumbaku zilimpiga vita huyo daktari, lakini watafiti wengine wakaja nyuma yake, wakapima, wakapata njia ni hiyo hiyo. Mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO likachapisha uamuzi wake kwamba moshi wa sigara za watu wengine unaleta saratani kwa binadamu. Mwaka 2006 daktari mkuu wa serikali ya Marekani akatoa ripoti na kusema hakuna kiwango cha moshi huo kilicho salama. Leo WHO inahesabu zaidi ya watu milioni 1 wasiovuta wanaokufa kila mwaka kwa moshi wa wengine. Kwa hiyo mwenye ng'ombe asiseme mbele za Mungu kwamba hakujua. Ameonywa kwa lugha zote.

Nchi ya kwanza kusimama ikajenga ukuta pande zote ilikuwa Ireland, tarehe 29 Machi 2004. Na Ireland, wale mnaosafiri mtaniambia, ni watu wa baa kweli kweli. Watu walicheka, wakasema haiwezekani mtu wa Ireland aweke glasi chini atoke nje kwa mvua avute. Iliwezekana. Walitoka. Na sababu iliyotolewa haikuwa kuwatesa wavutaji, ilikuwa kulinda afya ya yule anayehudumu nyuma ya kaunta.

Na sisi Kenya? Sikia, kanisa, maana wengi hawajui. Kenya ilitia sahihi mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku na kuuridhia mwaka 2004. Mwaka 2006 Waziri wa Afya, Charity Ngilu, akatoa kanuni za kukataza kuvuta hadharani. Kampuni za tumbaku zikaenda mahakamani, kanuni zikasimamishwa. Bunge likapitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, ikaanza kutumika Julai 2008. Hata kanuni zilizofuata za 2014 zilipigwa kortini miaka mingi, mpaka Mahakama ya Juu ilipoitupa kesi hiyo Novemba 2019. Hiyo ni miaka ya mawakili na makaratasi. Sasa jiulize, mtu analipa mawakili wa ghali miaka yote hiyo kwa kitu kisichodhuru?

Sheria hiyo inataja mahali kwa majina. Ofisi na vyumba vyake vyote, lifti, ngazi, hata vyoo. Viwanda. Hospitali. Hoteli na mikahawa na baa. Matatu na mabasi. Nyumba za ibada pia. Anayevuta huko anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000, au kufungwa miezi isiyozidi sita, au vyote viwili. Tumeona bango la sigara iliyopigwa mstari, limebandikwa ukutani, na chini yake mtu ameketi anavuta, na majivu anayakung'uta kwa sahani ya soda. Mwenye nyumba amenunua bango. Hajajenga ukuta.

Hapa niwape ushuhuda, na mwenyewe ameniruhusu nikiacha jina. Kuna dada wa kanisa hili anafanya kazi usiku kwa klabu moja mjini. Anahudumu mezani. Havuti wala hanywi. Anamaliza saa kumi na moja alfajiri, na siku ya Jumapili anakuja moja kwa moja kwa ibada ya kwanza, maana akienda nyumbani atalala. Jumapili moja ndugu wa zamu mlangoni alikuja kuninong'oneza: pasta, yule dada ananuka sigara, afadhali aongewe naye. Nikamwita baada ya ibada.

Nikamwuliza, "Dada, kazi yako iko namna gani?"

Akasema, "Pasta, mimi sivuti. Ni nguo. Hata nikifua mara mbili harufu inabaki. Na kifua kinanibana. Nikifika nyumbani mtoto wangu mwenye pumu akinikumbatia anaanza kukohoa, kwa hiyo nimemfundisha asinikumbatie mpaka nioge."

Mnasikia hiyo, kanisa? Mtoto amefundishwa asimkumbatie mamake.

Nikamwuliza kama amemwambia bosi wake. Akasema, "Nilimwambia. Aliniambia mlango uko pale, na kuna wasichana kumi wanaitaka hiyo nafasi."

Sasa nataka niongee na ninyi kwa upendo, kwa sababu najua kuna wengine hapa wanasema moyoni maneno yale yale ya bosi, ila kwa Kikristo. Mnasema: si aache hiyo kazi ya baa, mtu aliyeokoka anafanya nini huko? Mimi ninamwombea Mungu amfungulie mlango mwingine, na ninyi wenye biashara mkiwa na nafasi mje mniambie leo, si kesho. Lakini jibu hilo halitoshi. Dada huyu akiondoka, kesho ataingia msichana mwingine wa mama mwingine, na mapafu yake yameumbwa na Mungu yule yule. Ule ukuta wa dari haukuulizwa kama anayetembea ni mtakatifu. Ukuta ni ukuta.

Ona Boazi, Ruthu sura ya 2. Ruthu ni mgeni, mjane, maskini, anaokota masazo shambani. Ni mtu ambaye ukimdhulumu hana wa kumshtakia. Na Boazi alijua hatari ya mashamba wakati wa mavuno. Je, alimwambia, ukiona vijana wangu wanakusumbua nenda shamba lingine? Alimwambia asiende shamba lingine! Abaki hapo hapo. Halafu akageuka upande wa vijana, akawaamuru wasimguse. Akamwambia akiwa na kiu anywe maji waliyoteka wao. Huyo ndiye mwajiri. Hakumhamisha anayeumia, alirekebisha shamba. Na aliweka amri mapema, kabla jambo halijatokea. Boazi alikuwa na sheria ya kazini miaka elfu na zaidi kabla ya Bwana wetu kuzaliwa Bethlehemu, na ni Bethlehemu hiyo hiyo.

Amina? Amina yenu imekuwa ndogo. Wenye biashara wananyamaza.

Basi niongee na wenye biashara. Unaniambia, pasta, nikikataza sigara wateja watakimbia. Wataalamu wa hilo shirika la saratani walikusanya tafiti za nchi nyingi, na mwaka 2009 wakaandika kwamba sheria hizi kwa jumla hazipunguzi biashara ya mikahawa na baa. Fikiria hata wewe mwenyewe. Wateja wengi wa hoteli yako hawavuti. Familia inaingia, inasikia moshi, inatoka, na wewe huihesabu, maana haikuketi. Unahesabu mvutaji mmoja ambaye angenung'unika. Na tena sheria haimfukuzi. Anakuja, anakula, anatoka nje mahali panaporuhusiwa, anarudi amalizie chai yake.

Mwingine anasema, mimi nimetenga kona ya wavutaji. Hapa nataka tukae kidogo. Ukienda kwa ile dari ya Kumbukumbu la Torati, ukajenga ukuta pande tatu, ukaacha upande mmoja kwa sababu mgeni wako anapenda kuona bonde vizuri, umejenga nini? Mtu ataanguka upande ule mmoja, na atakufa kabisa, si robo. Moshi hausomi bango. Moshi haujui meza nambari sita ni ya wavutaji na nambari saba si ya wavutaji. Ile ripoti ya 2006 ilisema wazi kwamba kutenga wavutaji ndani ya jengo moja, kusafisha hewa kwa mashini, kufungua madirisha, hakuwezi kumkinga kabisa asiyevuta. Sheria yetu ya Kenya inakubali vyumba maalum vya kuvutia, vikiwa vimefungwa na vina njia yake ya hewa. Mimi si wakili, lakini kama mchungaji nauliza swali moja: nani anaingia humo kufagia na kutoa majivu? Si ni yule yule msichana? Hapo sheria yenyewe imeacha upande mmoja wazi, na ninaomba Mungu ainue wabunge watakaoumalizia. Wewe usingoje. Sheria ya nchi inakuambia kiasi cha chini unachopaswa kufanya. Haijakukataza kufanya zaidi.

Tena mwenye nyumba si wa hoteli peke yake. Una matatu, dereva wako anavuta stejini na dirisha limefungwa, na kondakta yuko hapo. Una gereji. Una duka la nguo na binamu yako anakuja kukaa nyuma anavuta, na msichana wa duka ataogopa kumwambia mjomba atoke, kwa sababu ni jamaa ya bosi. Hilo ni lako kusema, si lake. Hata kanisa ni mwenye nyumba. Ule ukumbi tunaojenga hapo nyuma una mafundi na vijana wa mkono kila siku. Nimeshaongea na mwenye kandarasi: ndani ya kuta hizo, hata kama paa bado, hakuna kuvuta. Anayevuta atembee hadi nje ya geti. Alisema sawa.

Na wewe unayevuta, uko hapa leo, usiondoke ukidhani pasta amekushambulia. Sigara inafunga mtu. Nikotini ina minyororo ya kweli, na nimeona wanaume wakubwa wakilia kwa sababu wameacha mara tano na kurudi mara tano. Hakuna atakayekudharau hapa. Tutaomba na wewe, na pia tutakuambia uende kwa daktari, maana kuna dawa na ushauri wa kumsaidia mtu kuacha, na kumeza dawa si kukosa imani. Lakini wakati Mungu anakufungua, na iwe ni leo au baada ya miezi sita, jambo moja unaweza kufanya jioni hii bila muujiza. Toka nje. Usivutie ndani ya matatu, usivutie ofisini, usivutie chumba ambacho mkeo na watoto wanalala. Vita vyako visimle mwingine.

Wafanyakazi, mna neno pia. Usiende peke yako kwa bosi, nendeni wawili watatu, muongee kwa heshima, mkiwa na sheria mkononi. Mtu akiwa na karatasi ya sheria haongei kama mtu anayeomba hisani. Na msiongee kwa hasira. Danieli alimwomba msimamizi wake siku kumi za kujaribu, hakupindua meza. Mwombeni bosi mwezi mmoja wa kujaribu bila moshi ndani, halafu mhesabu pesa pamoja naye.

Yule dada tuliyemtaja amepata wenzake wanne walio tayari kwenda naye Ijumaa hii, kabla ya zamu kuanza. Kanisa, tuwaombee siku hiyo kuanzia saa kumi jioni, kila mtu mahali alipo. Ombeni bosi wao apewe moyo wa Boazi.

Jumatano kuna kikao cha wenye biashara na waajiri wote wa kanisa, baada ya maombi ya jioni. Nitakuwa na nakala ya Sheria ya Kudhibiti Tumbaku, na tutaisoma kifungu kwa kifungu, tuangalie mabango, vyumba, magari, kila kitu. Wanaotaka kuombewa juu ya sigara, waje ofisini kwangu Alhamisi asubuhi, mmoja mmoja, hakuna jina litakalotangazwa. Mwenye hoteli, mwenye gereji, mwenye matatu, Jumatano ni saa kumi na mbili na nusu. Njoo na daftari.